Taka Zetu na Mikono ya Jirani



Juma hili tumeona yafaa tuandike juu ya jambo ambalo wengi hudhani halistahili kuingia katika ukurasa huu, nalo ni takataka za nyumbani. Huenda wako watakaosema: je, mapadre wamekosa la kuhubiri hata wahubiri jalala? Tunawaomba wavumilie, wasome mpaka mwisho, kisha wapime wenyewe kama jambo hili ni la ufagio tu au ni la roho pia.

Nyumba ya mapadre tunamokaa hapa Dar es Salaam hutoa taka zake nje ya lango kila Jumanne alfajiri, zingoje lori. Kabla lori halijafika, hupita mama mmoja mwenye kiroba begani. Huinama, hufungua mifuko, huchagua chupa za plastiki, makopo na vipande vya chuma, akaenda kuviuza kwa kilo. Kwa muda wa miaka miwili tulimwona, tukaamkiana naye, tukapita. Jina lake hatukuliuliza.

Jumanne moja mwezi uliopita alibisha langoni, mkono wa kuume umefungwa kwa ncha ya kanga iliyolowa damu. Ndani ya mfuko wetu, katikati ya maganda ya ndizi na wali uliochacha, palikuwa na chupa iliyovunjika. Hakuiona. Tulimpeleka zahanati, akashonwa nyuzi tano, akachomwa sindano ya kuzuia pepopunda. Njiani tukirudi tulimwuliza tumsaidie kitu gani, nasi moyoni tulikuwa tumekwisha kukadiria fedha. Akajibu: "Padre, mimi sikuja kuomba hela. Naomba tu, chupa ikivunjika humo ndani, muiweke peke yake."

Chupa ile ilikuwa yetu. Hatuwezi kuisingizia serikali, wala lori, wala jirani. Ilianguka mezani jioni, ikafagiliwa, ikatiwa pamoja na mengine yote, maana kwetu sisi kila kilichokwisha kutumika kilikuwa na jina moja tu: taka. Tangu siku ile ombi la mama yule halikututoka, na kadiri tulivyolifikiri ndivyo tulivyoona kuwa ndani yake mna karibu yote yanayohitajika ili jiji letu lipate utaratibu mwema wa taka.

MZIGO WA JIJI

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Tufanye hesabu ya mfano tu, kama ile ya darasani. Kila mtu akitupa nusu kilo kwa siku, jiji zima litatupa karibu tani 2,700 kila siku. Malori yachukuayo tani 10 yatalazimika kwenda safari 270 leo, kesho tena 270, na keshokutwa vivyo hivyo, Jumapili na sikukuu. Tena taka isiyofika katika lori haitoweki. Huchomwa uani, moshi wake ukaingia vifuani mwa watoto. Au hutupwa mtaroni, mvua ikaisukuma mpaka Mto Msimbazi, na kutoka huko mpaka baharini. Mtaro ulioziba hufurika. Maji yaliyotuama ndani ya kopo au gurudumu kuukuu huzaa mbu wa homa ya dengi, ambayo iliwapata watu wengi jijini mwaka 2014, na tena mwaka 2019.

Nayo taka iliyofika katika lori huenda wapi? Hapa yafaa tukumbuke habari ya Tabata. Mwaka 1988 wakazi wa huko, waliochoshwa na moshi, harufu na nzi wa jalala la jiji lililokuwa karibu na nyumba zao, walikwenda Mahakama Kuu, nao wakashinda. Hata hivyo jiji liliomba kuongezewa muda, na haki ya wakazi wale ilingoja mpaka mwaka 1991. Baada ya hapo jalala likahamia Vingunguti; kutoka Vingunguti likahamia Mtoni; na kutoka Mtoni likahamia Pugu Kinyamwezi, ambako malori yanaelekea hata leo.

Hatuwalaumu watu wa Tabata kwa kudai haki yao, walifanya vema. Lakini tujiulize: faraja ya Tabata haikugeuka kuwa mzigo wa Vingunguti? Na faraja ya Vingunguti haikugeuka kuwa mzigo wa Mtoni? Kila mara jalala lilihama, ila mazoea yetu hayakuhama. Tuliendelea kutia kila kitu katika mfuko mmoja, na kuomba tu mfuko huo upelekwe mbali, kwa watu wengine.

UBAYA WA KUCHANGANYA

Wengi hudhani taka ni mbaya kwa asili yake. Sivyo. Ganda la ndizi si baya. Lilikuwa nguo ya chakula chako asubuhi hii. Gazeti hili si baya, nasi twatumaini hivyo. Kopo la soda ni alumini, na kuliyeyusha ili kupata alumini mpya huhitaji kama sehemu moja tu ya ishirini ya nguvu zinazohitajika kuitoa alumini katika udongo wa madini. Chupa ya kioo yaweza kuyeyushwa na kufanywa chupa tena na tena. Ubaya huanza tunapochanganya. Karatasi kavu ina mnunuzi. Karatasi iliyolowa mchuzi haina. Ganda la ndizi lililochanganyika na vigae vya chupa na betri kuukuu haliwezi kurudi shambani.

Katika miji yetu, nusu ya taka za nyumbani au zaidi ni mabaki ya chakula, maganda na majani. Vitu hivyo vikirundikwa jalalani pasipo hewa, huoza na kutoa gesi ya methani, ambayo huzuia joto la dunia kutoka nje kuliko hewa ya ukaa, tena mara nyingi zaidi. Gesi hiyo hushika moto, na ndiyo sababu moja ya majalala kuungua kwa siku nyingi bila kuzimika. Maji meusi yatokayo chini yake huzama ardhini. Lakini maganda hayo hayo yakitiwa katika shimo au pipa lenye matundu, yakachanganywa na majani makavu na kugeuzwa mara kwa mara, kwa miezi michache huwa mboji, na mboji ni chakula cha mchicha. Tuichukue familia ya watu watano kwa hesabu yetu ile ile ya nusu kilo. Nusu ya taka zake ikiwa ni mabaki ya chakula, kwa mwaka mmoja itaweza kuondoa zaidi ya kilo 450 katika lori, bila kununua mashine yoyote.

Kazi hii ya kugeuza vilivyotumika viwe mali tena, ambayo siku hizi huitwa urejelezaji, haianzii kiwandani. Huanzia jikoni, katika dakika ile mama, baba au mtoto anaposimama mbele ya pipa na kitu mkononi. Kiwanda hakiwezi kutenga vizuri kile ambacho jiko limekwisha kukiharibu. Na pale kiwanda kisipokuwapo, anayetenga ni mtu mwenye mikono mitupu.

NENO LA MUNGU JUU YA MASAZO

Tumezoea kuisikia Injili ya mikate mitano na samaki wawili. Tunastaajabia umati ulioshibishwa, wanaume wapata 5,000. Lakini Mtakatifu Yohane, katika sura ya sita, anatueleza jambo ambalo mara nyingi tunalipita haraka. Watu walipokwisha kushiba, Bwana wetu hakuwaacha wainuke na kwenda zao. Aliwatuma wanafunzi wazunguke majanini wakiokota mabaki, kwa kuwa hakutaka kitu chochote kiharibike bure. Nao walijaza vikapu 12.

Tulifikiri jambo hili. Yule aliyeweza kuwalisha maelfu kwa chakula cha kijana mmoja, alikuwa na shida gani na makombo? Kesho angeweza kuzidisha tena. Hata hivyo aliagiza yakusanywe. Basi, wingi wa vipaji vya Mungu haukupata kuwa ruhusa ya kuvitupa. Tena tuangalie ni nani walioinama kuokota: ni Mitume wenyewe. Mikono ile ile iliyogawa mikate ndiyo iliyookota makombo. Ikiwa kazi hiyo haikuwavunjia Mitume heshima, itatuvunjiaje sisi?

Liko na fundisho la pili, nalo ni kubwa zaidi. Katika Kitabu cha Walawi Mungu aliwakataza Waisraeli kuvuna shamba mpaka pembeni kabisa, na kurudi kuokota masuke yaliyoanguka. Masazo yale yalikuwa ya maskini na mgeni. Ndivyo Ruthu Mmoabu, mjane na mgeni, alivyofika katika shamba la Boazi kuokota masuke. Boazi alifanya nini? Hakutosheka na kumwacha aokote. Aliwakanya vijana wake wasimwaibishe wala kumkemea. Kisha akawaagiza wachomoe masuke kwa makusudi kutoka katika miganda na kumwachia njiani. Jioni ile Ruthu alirudi kwa mkwewe na mzigo wa shayiri, bila jeraha na bila aibu.

Hapo, ndugu zetu, ndipo penye kiini cha haya yote. Waokotaji wa makopo katika miji yetu ni Ruthu wa siku hizi. Shamba lao ni pipa letu. Nasi, je, tu Boazi? Boazi alitangulia kumfikiria mtu ambaye angekuja nyuma yake. Alijua mkono utapita pale, akauandalia. Sisi twajua vilevile kwamba mkono utapita katika mfuko wetu, na twatia humo kigae, wembe na sindano. Kutenga taka nyumbani ni kumfikiria jirani kabla hajafika. Ni amri ya mapendo katika sura yake iliyo nyepesi kabisa, maana haitugharimu fedha, ila kukumbuka tu.

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika Waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alisikitikia desturi ya kutupa, akaonyesha kuwa desturi hiyo haiishii katika vitu. Huwafikia na watu, nao wakatupwa. Tena hakuona haya kutaja kazi ndogo za nyumbani, na miongoni mwake kutenga taka, kuwa ni mwenendo mwema unaompasa Mkristu. Sisi tulioupitisha mkono wa mama yule kwa miaka miwili bila kuliuliza jina lake tunajua Baba Mtakatifu alisema nini.

YA KUFANYA NYUMBANI

Basi tufanye nini? Hatutaki kuwatwisha mizigo isiyochukulika. Vyombo vitatu vyatosha. Cha kwanza ni cha mabaki ya chakula, maganda na majani. Chenye kiwanja na akifanyie mboji. Asiye na kiwanja aulizie jirani mwenye bustani au mfugaji. Cha pili ni cha vikavu vyenye mnunuzi: karatasi, maboksi, chupa nzima, makopo na chuma. Visuuzwe kidogo ili visinuke. Cha tatu ni cha vile visivyokuwa na njia nyingine, kama nepi za watoto.

Na pembeni pawe na kopo gumu lenye mfuniko, kwa ajili ya vile vinavyojeruhi: vigae, nyembe, misumari, sindano za wagonjwa wa sukari. Sindano zikijaa zipelekwe zahanati. Kama kopo halipo, kigae kifungwe katika karatasi nyingi; gazeti hili ukisha kulisoma litafaa sana kwa kazi hiyo, nasi hatutaona vibaya.

Wako watakaouliza: vilivyo na mnunuzi, tuviuze wenyewe au tuviachie? Mwenye shida na aviuze. Hiyo ni haki yake. Lakini mwenye riziki ya kutosha na akumbuke ile sheria ya pembe za shamba. Aviweke safi, aviweke wazi, amwachie yule anayeishi kwa hivyo.

Wengine husema: "Sisi tunakaa nyumba ya kupanga, vyumba sita na uwa mmoja, vyombo vitatu tutaviweka wapi?" Twaijua shida hiyo. Lakini uwa mmoja una faida yake: vyombo vitatu vyaweza kuwa vya nyumba nzima. Wapangaji wanaopanga zamu ya kufagia uwa na kuosha choo wataweza pia kupanga zamu ya taka. Nao watoto wafundishwe. Mtoto hujifunza upesi, kisha humkumbusha baba yake bila huruma.

WAJIBU WA HALMASHAURI NA WAZOA TAKA

Liko lalamiko moja ambalo hatuwezi kulijibu kwa mahubiri peke yake. Watu husema: "Nilitenga taka zangu mwezi mzima, kisha lori likaja, vijana wakazimwaga zote pamoja. Nikaacha." Lalamiko hili ni la haki. Anayetenga nyumbani na kuona kazi yake ikivurugwa mbele ya macho yake hukata tamaa, na akikata tamaa mara moja ni vigumu kumrudisha. Hapa ndipo mipango mingi ya miji inapoanguka. Watu huambiwa watenge kabla gari halijawa tayari kupokea vilivyotengwa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezipa serikali za mitaa wajibu wa kuona kwamba taka ngumu zinapunguzwa, na kwamba zinatengwa pale pale zinapotoka. Basi twasema kwa heshima lakini kwa wazi: sheria ipo, na iishi. Kwanza, ziwekwe siku mbalimbali: siku ya mabaki ya chakula na siku ya vikavu. Hilo halihitaji lori jipya, bali kalenda. Pili, mkataba wa mzoa taka usimlipe kwa kubeba vingi tu mpaka dampo. Umpe faida pia kwa vile alivyovizuia visifike dampo. Mtu akilipwa kwa safari tu, atapenda safari ziongezeke. Tatu, kila mtaa upate banda dogo la kutengea, lenye paa, maji na mizani ya haki. Nne, waokotaji waandikishwe, wapewe glavu, viatu vigumu na chanjo ya pepopunda, na waingizwe katika mpango, wasifukuzwe.

Hilo la nne tunalitilia mkazo, kwa sababu miji mingine imejuta. Kule Cairo, mji mkuu wa Misri, kwa miaka mingi taka za nyumbani zilikusanywa na watu waitwao Zabbaleen, walio wengi wao Wakristu Wakopti. Walipanda ngazi mpaka kila mlango, na sehemu kubwa mno ya walichobeba walikitumia tena. Mabaki ya chakula waliwalisha nguruwe. Mnamo mwaka 2003 jiji liliwapa kazi hiyo wakandarasi wa kigeni waliokuja na malori makubwa na mapipa ya barabarani. Wenyeji hawakuzoea kushusha taka mpaka barabarani, na mkandarasi hakujua kutenga kama walivyojua wale maskini. Tena mwaka 2009, kwa hofu ya homa ya mafua, serikali iliamuru nguruwe wote wauawe, na mabaki ya chakula yakajaa mitaani. Jiji lilijifunza kwa gharama kwamba wale liliowadharau ndio waliokuwa wakiijua kazi.

Wala hatuhitaji kwenda mpaka Misri kutafuta mfano mwema. Katika kata ya Bonyokwa, hapa hapa Dar es Salaam, shirika la Nipe Fagio limefanya kazi pamoja na wakazi na ushirika wa wakusanya taka. Taka hutengwa nyumbani, wakusanyaji hupita mlango kwa mlango, mabaki ya chakula hugeuzwa mboji, na vyenye mnunuzi hupelekwa kwa mnunuzi. Kule Mabwepande, Manispaa ya Kinondoni kwa ushirikiano na jiji la Hamburg la Ujerumani imejenga kiwanda cha mboji. Jambo lililowezekana katika kata moja halikosi kuwezekana katika kata ya pili, ikiwa wakubwa watataka na wadogo wataitika.

Na asiseme mtu kwamba Watanzania hawabadiliki. Tarehe 9 Desemba 2015 sherehe za Uhuru zilifutwa, na nchi nzima ikashika ufagio, na Rais mwenyewe pamoja nasi. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku. Kabla ya siku ile tulisikia kuwa haiwezekani, kwamba soko litakwama, kwamba nyama haitabebeka. Siku ilifika, watu wakashika vikapu kama bibi zao, na soko halikukwama. Ila tukiri pia udhaifu wetu: ufagio wa siku moja ni rahisi kuliko pipa la kila siku. Kwa vyombo vitatu hakuna bendi wala hotuba.

TUANZE KWETU

Tukiiambia Halmashauri wajibu wake, nasi tusisahau wetu. Parokia, shule, hospitali na seminari za Kanisa ni nyumba kubwa, na taka zake ni nyingi. Ni lini paroko alipouliza katika baraza la walei taka za parokia zinakwenda wapi? Baada ya maandamano ya Ekaristi Takatifu, barabara tuliyoipita tukiimba hubaki na chupa za maji. Ni nani huziokota? Tumempitisha Bwana wetu njiani, kisha tukamwachia uchafu nyuma yake.

Na sherehe zetu je? Kamati ya harusi huchagua mtu wa vinywaji, mtu wa chakula, mtu wa muziki na mtu wa mapambo. Tunashauri ichague na mtu wa masazo. Chakula kizuri kilichobaki kipate wa kukila usiku ule ule, chupa zitengwe, sahani ziwe za kuosha pale inapowezekana. Bwana wetu alipowalisha watu wale alikuwa na kamati ya masazo yenye wajumbe 12. Harusi ya Kikristu haitapungukiwa na furaha ikiwa na mmoja.

Jumuiya ndogondogo nazo zina nafasi kubwa, kwa kuwa zinajuana nyumba kwa nyumba. Kumi au kumi na tano zikikubaliana kutenga, zaweza kwenda pamoja kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa mzoa taka, zikasema: sisi tumekwisha kutenga, wewe utatuletea gari siku gani? Mtu mmoja akisema hivyo huambiwa angoje. Nyumba kumi na tano zinazolipa ada ya taka kwa wakati husikilizwa. Na ndugu zetu wa Mwanza, Arusha, Mbeya, Dodoma na miji midogo inayokua, msiseme haya ni ya Dar es Salaam. Jalala lenu bado ni dogo. Lishikeni likiwa dogo.

Tumalizie pale tulipoanzia. Jumanne iliyopita mama yule alipita tena. Kidonda kimefunga, lakini kidole kimoja bado hakikunjiki vizuri, na tunaogopa huenda kikabaki hivyo. Nje ya lango alikuta boksi la chupa zilizosuuzwa, na kando yake kopo la maziwa lenye mfuniko, lililoandikwa kwa wino: VIGAE. Alilitikisa, akasikia mlio wake, akaliweka pembeni kwa uangalifu, kisha akaanza kazi yake. Alimaliza kabla ya lori kufika, na mikono yake ilikuwa safi.

Safari hii tulimwuliza jina lake. Hatutaliandika hapa, kwa kuwa ni lake na hakutupa ruhusa. Lakini tumelijua, na tunalitaja katika Misa.

Nawe, msomaji wetu, jioni ya leo chombo kikivunjika nyumbani mwako, kumbuka mkono utakaopita baada yako. Mwenyezi Mungu, asiyependa kitu chake kipotee, awabariki ninyi na nyumba zenu.